Chora Tu Mstari

Akiwa bado mlangoni, Mama Beringi alijua mambo yameharibika. Karakana ilikuwa kimya. Mashine aliyoiacha ikinguruma jana yake, mashine ambayo haikutakiwa kusimama hata kidogo mpaka beringi yake ife, ilikuwa imelala. Akaweka kiganja juu ya mota. Baridi.

"Nani kazima?"

Fundi wa karakana alijifanya anatafuta spana. "Usinikamate mimi, dada. Profesa kaagiza. Alikuwa na wageni hapo ukumbini, akasema hawasikilizani."

Jina la Mama Beringi alipewa na wenzake wa shahada ya uzamili ya uhandisi mitambo, kwa jinsi alivyoilea ile mashine. Alikuwa akitafuta jibu la swali moja tu: je, grisi aliyoipika mwenyewe kwa mafuta ya mimea inaweza kulinda beringi za mashine za kusaga nafaka sawasawa na grisi ya dukani? Ili ajue, ilibidi beringi, ile pete ya chuma inayobeba mhimili wa mashine, izunguke mfululizo, imebebeshwa mzigo, mpaka ichakae na kuvunjika yenyewe, huku kompyuta ikirekodi joto na mtetemo wake na kuvichora kwa mstari. Ikisimama katikati, inapoa, grisi inaganda, na ukiwasha tena unapima kitu kingine kabisa. Kazi yote ilikuwa imekwenda na maji, eti kwa sababu watu fulani walitaka kunong'onezana.

Alipanda ngazi mbio. Profesa, msimamizi wake, alikuwa ofisini akikoroga chai, wala hana habari.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Mbona umevimba hivyo?"

"Mashine yangu imezimwa."

"Ah, hiyo? Si uwashe tena?"

"Kuwasha tena hakusaidii. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

Profesa akaweka kijiko chini taratibu. "Sikiliza, mwanangu. Mstari wako ulikuwa unapanda vizuri. Kila mtu anajua mstari wa namna ile unaishia wapi. Chora tu, umalizike. Hakuna atakayeuliza."

"Nibuni matokeo?"

"Nani kasema ubuni? Nasema ukamilishe. Unataka kumaliza na wenzako, hutaki? Na usisahau, saini ya kukupitisha ni yangu."

Mama Beringi alitoka bila kuaga. Mtu akikosea, unasema amekosea, yakaisha. Huyu alijua vizuri alichokiharibu, kisha akamtaka yeye akifunike kwa mkono wake mwenyewe.

Nyumbani alimkuta dada yake mkubwa akipiga pasi. Dada ndiye aliyekuwa akimlelea mwanawe wa kike tangu masomo yaanze. Mama Beringi alimwaga yote, akizunguka chumba kama aliyekanyaga kaa la moto.

Dada alisikiliza mpaka mwisho, akasimamisha pasi. "Yaani ni mstari tu?"

"Si mstari tu!"

"Uchore basi, umalize, urudi kwa mwanao."

"Dada, huelewi. Haya mambo huyawezi."

Alijua amevuka mpaka kabla hata hajafunga mdomo. Dada alichomoa waya wa pasi ukutani.

"Siyawezi, eh? Ninayoyaweza ni kumwosha mwanao, kumlisha, kumkesha akipata homa. Jana kaniita mama. Nikamwambia mimi ni mama mkubwa, akanicheka. Hayo nayo yatie kwenye kompyuta yako."

Akaingia chumbani, akaubamiza mlango. Mama Beringi alibaki amesimama na hasira zake, safari hii hajui azipeleke wapi. Alimwonea dada, hilo alilijua. Lakini ule mstari hakuuchora.

Siku ya kuwasilisha kazi mbele ya jopo la wahadhiri, alionyesha mchoro wake kama ulivyokuwa: mstari unapanda, unapanda, halafu umekatika, na mbele yake nafasi tupu.

Profesa alijikohoza. "Hapo palitokea hitilafu ya umeme."

"Hapana, Profesa. Umeme haukukatika. Mashine ilizimwa kwa amri yako, kwa ajili ya wageni. Ukaniambia nichore kipande kilichobaki."

Sauti yake ilikuwa imepanda kuliko alivyokusudia, naye hakuishusha. Mhadhiri mmoja wa kike, mtaalamu wa vilainishi vya mashine, akauliza polepole, "Na kwa nini hukuchora?"

"Kwa sababu kuna mtu atafunga beringi hiyo kwenye mashine yake akiamini mstari wangu. Ikivunjika ikamkata vidole, Profesa hatakuwepo."

Profesa alikusanya makaratasi yake, akatoka. Kesho yake alijitoa kumsimamia, akisema hawezi kufanya kazi na mwanafunzi asiye na heshima. Hakuna aliyemwadhibu wala kumwuliza zaidi. Aliyeadhibiwa ni Mama Beringi: jaribio lirudiwe kuanzia mwanzo, na kumaliza na wenzake asahau. Yule mhadhiri wa kike akakubali kumchukua.

Siku wenzake walipovaa majoho, yeye alikuwa karakana amevaa bwelasuti, akiilinda mashine iliyokuwa ikinguruma upya. Hapo ndipo dada yake alipotokea, kamshika mtoto mkono. Walikuwa wakisalimiana kwa shida tangu ugomvi ule. Mtoto aliziba masikio.

"Nilikukosea, dada," alisema Mama Beringi.

"Nini?" Dada hakusikia kwa ngurumo.

"Nasema nilikukosea!"

"Najua!" dada akapaza sauti. "Leo jioni unamwogesha wewe!"

Beringi ilidumu, kisha ikapasuka kwa kishindo. Grisi yake ilifanya vizuri, ila haikuifikia ile ya dukani. Mstari uliishia mapema, kabla ya pale Profesa alipotaka ufikishwe. Akaandika hivyohivyo, akatetea, akafaulu.

Anatoka ukumbini na mwanawe, akakutana na Profesa kwenye korido, mkono umeshanyooshwa.

"Hongera, mwanangu. Tulivumilia, sivyo?"

Mama Beringi aliutazama ule mkono. Hasira ilikuwa bado mbichi, kana kwamba karakana ndiyo kwanza imenyamaza.

"Tulivumilia na nani?" akamwuliza, akambeba mwanawe, akampita.