Siku Gashaw Alipokubali Chupa

Gashaw hakuitaka chupa, na hakuwa mtoto wa kubembelezwa akabadili nia. Ikimkaribia tu, alifumba mdomo na kugeuza shingo. Akilazimishwa, aliyatema maziwa ya kopo mpaka yakamrukia bibi yake usoni. Kisha alimtafuta mama yake kwa macho, akaangua kilio cha mtu aliyedhulumiwa.

"Kichwa cha marehemu babu yake hiki," alisema Emaye Dinke, bibi wa mtoto. "Naye alikuwa hali ila chakula cha mkono wangu."

Tirngo, mama yake Gashaw, hakucheka. Kesho asubuhi gari lingepita hapo Mersa kumchukua, na kutoka Addis angepanda ndege kwenda Beiruti kulea watoto wa wenzake. Baba wa mtoto alishaondoka kwa miguu kuelekea Arabuni, habari zake zikakatika. Shamba lao lilikuwa kokoto tupu. Mkono mtupu haulambwi, walisema wote waliomshauri aende, wala hakuna hata mmoja aliyemwambia mtoto atanyonya nini.

Alishajaribu kila kitu. Alijipaka shubiri kwenye matiti. Gashaw akakunja uso, akanyonya hivyo hivyo. Shubiri! Siku ile Tirngo alilia kwa jinsi alivyopendwa.

"Wewe ndiye unayemharibu," Emaye alimwambia. "Akikuona, akikusikia, anajua ziwa lipo. Nani ataacha nyama atafune mfupa? Hebu nipe hiyo netela yako, mwanangu. Nenda kakae nyuma ya ua, na hata kukohoa usikohoe."

Tirngo akaivua shuka yake nyeupe iliyojaa harufu yake, akampa mama yake, akatoka na kusimama nyuma ya ule ua wa mipungate. Gashaw akaanza kulia. Matiti yakajibu, yakavuja mpaka gauni likaloa. Tirngo aliuma kidole. Kilio kilipanda, kikakatikakatika, kikawa kwikwi, kisha pakawa kimya. Hakujua kama afurahi au aogope.

Ndipo Etiye Shewaye, mama jirani yao, alipoingia ndani bila kubisha hodi, kama kawaida yake kila anaponusa kahawa. Akamkuta Emaye amekaa chini akiyumbayumba, mtoto kimya mapajani, na ile netela kaitupia mwilini kwa haraka, pindo la nakshi limepanda shingoni. Kwao huko Wollo pindo hukaa chini. Hupandishwa shingoni siku ya msiba. Shewaye hakuuliza. Alijipiga kifua.

"Uuuwi! Gashaw wetu! Uuuwi, mtoto wa watu kaondoka!"

Tirngo alijikuta mlangoni bila kujua alivyofika. Emaye alimwona, akamwinulia kiganja: hapo hapo, usisogee. Mtoto alikuwa amempa mama yake mgongo. Uso ulikuwa umezama kwenye netela, vidole vimeshika chupa, na mashavu yalikuwa yakienda. Alikuwa ananyonya. Kelele za Shewaye alizizoea tangu tumboni. Alishtuka kidogo tu, akaendelea.

Jambo alilomwomba Mungu siku zote hizo lilikuwa mbele ya macho yake, na Tirngo alitamani kuipokonya ile chupa aipigize ukutani. Alitamani kumwita mara moja tu kwa jina la mapenzi, "Gashaye," aone kama atageuka. Angegeuka. Kwa hiyo hakumwita. Alirudi kinyumenyume mpaka nje, kiganja kikiwa mdomoni.

Shewaye, aliyekwisha kuiona chupa, alimfuata uani akijifuta machozi kwa haya.

"Nisamehe, mwanangu. Mdomo wangu huu! Na huyo mama yako naye, nani kamfundisha kuvaa vile? Basi, nanyamaza. Nimenyamaza."

Tirngo alimshika mikono yote miwili, akamnong'oneza sikioni.

"Usinyamaze, Etiye. Nililie wewe. Mimi nikilia, atanisikia."