Mahudhurio ya Laurenti

Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Rosa alikuwa anasogeza kuni chini ya sufuria ya uji uani kwake, Old Korogwe, mumewe alipoingia na kuuliza viatu vyake viko wapi. Laurenti alikuwa amefariki Jumatatu na kuzikwa Jumatano. Mabega yake yalikuwa na udongo mwekundu, na mdomo ambao kiharusi kiliupinda ulikuwa umenyooka.

"Viko chini ya kitanda," Rosa alisema. "Unakwenda wapi?"

"Jumuiya."

Alikaa kwenye kigoda akavivaa mwenyewe, akafunga kamba kwa mikono yote miwili. Rosa aliacha uji, akawa anaitazama ile mikono. Kwa miaka sita mkono wa kulia haukuwahi kushika hata kijiko. Yeye ndiye aliyemgeuza, akamwogesha, akamlisha. Kiharusi kilimkuta Laurenti huko Segera, alikokuwa anauza machungwa baada ya kuacha kazi ya kukata mkonge: aliinama kunyanyua tenga, hakuinuka.

Tangu siku hiyo Rosa naye hakwenda jumuiya. Hakuwa na mtu wa kumwachia mgonjwa Jumamosi asubuhi. Mwaija, jirani yake, alikuwa sokoni mpaka mchana, ndipo alipokuwa akija kumsaidia kumgeuza. Jumuiya ilikuwa inasali nyumbani kwa mwenyekiti wake, Benedicto, nyumba ya nne kutoka kwao. Mwaka wa kwanza Rosa alipeleka ombi kwamba waje wasalie kwake angalau mara moja. Benedicto alijibu kwa upole kwamba ratiba imeshapangwa. Mwaka wa pili nao ratiba ilikuwa imeshapangwa.

Rosa akawa anasali rozari peke yake, kando ya kitanda. Lakini rozari ni sala ya watu: mmoja anaanza Salamu Maria, wenzake wanaitikia Maria Mtakatifu, na yule aliyeanza anapata nafasi ya kuvuta pumzi. Rosa alianza na kuitikia mwenyewe, maana ulimi wa Laurenti ulikuwa umefungwa. Siku nyingine alifika katikati akapotea, asijue kama zamu ni ya kuanza au ya kuitikia, akairudisha rozari mfukoni.

Laurenti alipofariki, Benedicto alikuja kutoa pole akiwa na kitabu cha mahudhurio.

"Mama, tungependa sana," alisema. "Ila asiyehudhuria hapewi barua ya jumuiya, na bila barua hakuna ibada ya mazishi. Mzee hajahudhuria kwa miaka sita. Hata mara moja hayupo."

Kwa hiyo kaburi lilichimbwa na mume wa Mwaija na vijana wa msikitini. Walimshusha Laurenti kwa heshima, kisha wakasogea pembeni ili Rosa asali anavyojua. Alianzisha wimbo. Ubeti wa pili sauti ikamkauka, na hapakuwa na wa kumpokea.

Sasa waliongozana barabarani, Laurenti mbele. Watu waliokuwa wanafagia waliwaamkia shikamoo. Kwa Benedicto, waumini kumi na wawili walikuwa wamekaa mkekani.

"Tumsifu Yesu Kristo," Laurenti alisema.

"Milele na milele, amina," wakaitikia, wakasogea kuwapa nafasi.

Elina, katibu, alishika kalamu. "Mwenyekiti, nimwandike?"

Benedicto alifikiri. "Taratibu zinasema aliyefika aandikwe. Hazisemi zaidi. Mwandike, na mama pia."

Rozari ilipoanza, Rosa alitamka nusu yake, na nusu nyingine ikapokelewa na watu kumi na watatu kwa pamoja, sauti ya Laurenti ikiwemo, nzito kama alivyoizoea zamani. Rosa alivuta pumzi. Ndipo machozi yakamtoka, wala hakuyafuta, kwa kuwa hakuna aliyemsubiri aendelee. Walikuwa wanaendelea wao.

Laurenti alikuja kila Jumamosi, hata siku za mvua kubwa. Elina alilalamika mara moja tu kuhusu udongo kwenye mkeka, na Laurenti akawa anajikung'uta mlangoni. Ibada ikiisha alirudi makaburini, akaacha viatu nyumbani. Rosa alijaribu kumchelewesha.

"Kunywa kwanza uji. Mambo ya jumuiya yatangoja."

"Wataniandika sipo, Rosa."

Jumamosi ya kumi na mbili Benedicto alitangaza kwamba mzee amehudhuria kikamilifu na jumuiya itamwandikia barua. Watu wakapiga makofi. Laurenti aliinuka.

"Nashukuru," alisema. "Ila ninalo swali. Nililala miaka sita nyumba ya nne kutoka hapa. Asubuhi nilikuwa nawasikia mkiimba. Kwa nini hamkuja?"

Mtu mmoja alikohoa. Benedicto alikunjua ratiba, akaitazama, akaikunja.

"Hukuwa unahudhuria, mzee," alijibu.

Laurenti aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia, akaketi.

Walipofika nyumbani Rosa alimshika mkono wa kulia. Alijua barua ikishatoka, mumewe hatakuwa na la kumrudisha.

"Unaitaka kweli hiyo ibada?"

"Nataka kuimbiwa. Siku ile nilikusikia. Ulikuwa unaimba kama mtu anayebeba kitanda peke yake."

"Na mimi je?"

Laurenti aliukalia ukingo wa kitanda chao mpaka jua lilipokuwa kali, akiwa ameushika mkono wa Rosa, kisha akaenda.

Ibada ilifanyika Alhamisi. Katekista alibariki kaburi, jumuiya ikaimba beti zote, sauti nne, vizuri sana. Laurenti alisikiliza mpaka mwisho, akavua viatu akampa Rosa, akalala. Vijana wakarudishia udongo. Mwaija alisimama nyuma akiwa na kanga ya kumfunika Rosa mabega.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi na mbili na robo, hakuna aliyeingia uani. Rosa alikwenda jumuiya peke yake.

Elina aliita majina. Alipofika kwa Raheli, mjane anayekaa nyuma ya kisima, hapakuwa na sauti.

"Amevunjika nyonga tangu Jumanne," Rosa alisema. "Yupo kitandani. Twende tukasalie kwake."

Watu walimtazama Benedicto.

"Ratiba imeshapangwa, mama," alisema kwa upole. "Elina, andika hayupo. Wimbo wa mwanzo."

Wakaanza kuimba. Rosa alisikiliza ubeti mmoja, akainuka, akatafuta ndala zake mlangoni na kushika njia ya kisimani. Nyuma yake alimsikia Elina akimuuliza mwenyekiti, kwa sauti ya chini ili asivuruge wimbo, kama anayeondoka katikati anaandikwa yupo au hayupo.