Ng'ombe wa Kija

Masele alitamani kazi ile ifanywe na mtu mwingine. Ng'ombe wa mahari wakirudishwa, baba wa binti hubaki nyumbani akitazama chini, na vijana wa ukoo ndio wanaowaswaga hadi walikotoka. Lakini vijana wa ukoo wake walikuwa wametawanyika, wengine Mwanza mjini, wengine kwenye machimbo ya dhahabu. Na Mhoja, mwanawe wa pekee aliyebaki nyumbani, alikuwa amekwenda kulala kwa rafiki yake tangu jana ili asiwaone wakitoka. Ng'ombe hao ndio aliokuwa akiwategemea kuolea. Basi kulipoanza kupambazuka mzee akafungua zizi mwenyewe, akatoa ng'ombe sita, akabakiza wawili wa kulimia ambao nao walikuwa wamechoka kama yeye.

Nje ya ua alimkuta Luhaga akimngoja, fimbo mkononi. Luhaga alikuwa mume wa binti yake Kija, na angeendelea kuwa mume wake mpaka jioni, ng'ombe watakapoingia zizi la kwao. Alikuwa ametumwa na baba yake mkubwa, mzee Obedi, aje ahakikishe kwamba wanaorudishwa si waliokonda tu. Kazi hiyo ilimtia haya. Alimwamkia mkwewe shikamoo bila kuinua macho, kisha akaenda kukaa nyuma ya kundi, mahali penye vumbi jingi.

Hawakuwa na ugomvi, wawili hao. Miaka ya nyuma, Luhaga alipokuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, hakuna mwezi alioshindwa kufika kwa wakweze na sukari au sabuni. Kisha ushirika ukayumba, wanunuzi binafsi wakaja na malori yao, na siku moja mashine za kiwanda zikazimwa zisiwashwe tena. Luhaga akampeleka mkewe kwao, juu kwenye uwanda, akamwacha na mama mkwe wake, akaenda Geita kutafuta dhahabu. Alikaa huko misimu miwili bila kuleta hata salamu. Mtoto wao akaugua homa, akafa. Kija na majirani wakamzika, na hakuna aliyejua baba wa mtoto atafutwe shimo gani. Luhaga aliporudi, mikono mitupu, alikuta mkewe ameshaondoka. Alikuwa Ilemela, kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, amepanga chumba.

Kija alikuja kumwona baba yake mara moja tu kuhusu jambo hilo. Hakulia wala hakumsema vibaya mumewe. Alikaa kwenye kigoda, akasema, "Baba, nimechoka kuwa mke wa mtu." Kisha akanyamaza, akimngoja. Masele alidhani kwamba yatapita. Hayakupita, na wazee wa pande zote mbili wakaamua ng'ombe warudi.

Jua lilipochomoza walikuwa wameshashika mfereji. Ulikuwa mfereji mkuu wa mradi wa mpunga, umechimbwa na serikali enzi za vijiji vya ujamaa, na Masele mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliobeba udongo. Ulinyooka katikati ya mbuga kavu mpaka macho yakachoka kuufuata. Pampu zilikuwa zimekufa miaka mingi, matete yakaota, wanawake wakafulia humo. Sasa alikuwa amepatikana mtu wa mjini aliyekodi mashamba yote, pampu mpya zikafungwa, na maji yalikuwa yanatiririka tena, safi, mengi, hatua moja tu kutoka pua za ng'ombe. Ila ng'ombe hawakuruhusiwa kuyanywa. Vibao vilisema hivyo, na walinzi walikuwa wakitembea juu ya tuta kuhakikisha.

Ulikuwa mwezi wa kumi, mvua haijanyesha bado. Walitembea kando ya tuta asubuhi nzima, Masele mbele, Luhaga nyuma, na kazi yao kubwa ikawa kuwazuia wanyama wasiyaendee maji waliyokuwa wakiyanusa. Ng'ombe mmoja mwekundu kila mara alisimama na kugeuza kichwa. Luhaga alimsukuma kwa kiganja, hakumchapa. Mguu wa kushoto wa Masele ulianza kuuma nyongani, na kila alipogeuka kuutazama mfereji aliuona ule ule, kana kwamba hawajasogea.

Karibu na lango la maji mlinzi mmoja aliwasimamisha kwa sauti kali. Halafu akakaza macho, sauti ikabadilika. Jina lake Ndalahwa. Yeye na Luhaga walikuwa wakifunga marobota ya pamba pamoja kabla ya kiwanda kufa. Walishikana mikono kwa muda mrefu, wakaulizana nani yuko wapi. Wengi hawakujulikana walipo. Ndalahwa alisema kazi hii ni ya jua na matusi, lakini ni kazi. Kisha akawatazama ng'ombe, ndimi nje, akauliza ni wa nani.

Masele alijifanya anafunga kiatu chake cha tairi.

"Ni wa mzee," Luhaga alisema. "Huyu ni baba mkwe wangu. Namsindikiza."

Ndalahwa akamwamkia Masele kwa heshima, akauliza kama shemeji hajambo, akajibiwa kuwa hajambo. Akatazama huku na huku. Mbele kidogo, alisema, kuna mahali tuta limebomoka, na yeye anakwenda sasa hivi kukagua upande wa pili. Hawakumsubirisha. Ng'ombe waliingia mpaka magotini, wakanywa kimya kimya, na wanaume wawili wakainama upande maji yanakotoka wakanawa nyuso. Kisha wakaendelea na safari.

Mchana waliacha mfereji na kuanza kupanda. Njia ya kwenda uwandani ilipita katikati ya majabali, nyembamba, ya kokoto zinazoteleza, na ng'ombe walipanda mmoja mmoja wakihema. Masele alikuwa akipumzika kila kona. Mara ya mwisho hakuweza kuinuka mwenyewe. Luhaga akasogea, akasimama pembeni akisitasita, maana mkwe hamshiki baba mkwe hovyo, halafu akampa mwisho wa fimbo yake. Mzee akaushika, akavutwa hadi juu.

Huko juu palikuwa tambarare tupu, nyasi za kijivu na upepo. Nyuma yao, chini, mfereji ulionekana kama uzi, na mbali zaidi, ziwa, jeupe chini ya ukungu wa joto. Ng'ombe mwekundu akalala chini, akakataa kuinuka. Nao wakakaa. Masele alitoa matobolwa, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko, akamgawia mwenzake. Luhaga akageuka upande kidogo, kama inavyompasa mkwe, akatafuna bila hamu.

Kisha alisema, bado amegeuka, "Baba, rudi nao."

Masele alidhani hakusikia vizuri.

"Rudi nao nyumbani. Nitawaambia wazee nimesamehe. Watanifokea, mwisho watanyamaza. Mhoja aoe. Mimi ng'ombe hawa nitawafanyia nini?"

Mzee aliwatazama wanyama. Alikuwa amechoka kiasi kwamba wazo la kuteremka tu, bila kwenda mbele, lilimlegeza mwili mzima. Aliwaona wamerudi zizini, akamwona Mhoja akija mbio. Na aliona pia jambo ambalo Luhaga hakulitamka: ng'ombe wakibaki kwake, Kija bado ni mke wa mtu.

"Na Kija?" aliuliza.

"Simfungi. Akae huko huko Ilemela, afanye kazi yake, sitamfuata." Sauti ya Luhaga ilikuwa imekauka. "Ila jina libaki. Mtoto wetu amelala hapa juu, baba. Jina likiondoka, mimi na Kija tutakuwa nani kwake?"

Masele alimhurumia, huruma ya kweli, na kama lingekuwa shauri lake mwenyewe angeteremka. Lakini alimwona binti yake kwenye kile kigoda, jinsi alivyonyamaza akimngoja, na jinsi yeye alivyomwacha angoje.

"Mtoto ni wenu daima, hilo ng'ombe hawalifuti," alisema. "Lakini jina hilo ndilo linalomchosha mwenzako. Mimi nimeliona usoni mwake. Tuinuke, mwanangu. Tukikaa zaidi sitaweza."

Luhaga akaenda kwa yule ng'ombe mwekundu, akamshika pembe, akamsemesha taratibu mpaka akasimama. Sehemu iliyobaki walitembea sambamba, hakuna wa mbele wala wa nyuma.

Walifika jua linazama. Mzee Obedi alizunguka kila ng'ombe, akapapasa mbavu na kufungua midomo, akasema ni sawa. Zizi likafungwa. Mama yake Luhaga hakutoka ndani. Ukaletwa ugali na maziwa, na Obedi, aliyependa mambo yaende kwa taratibu zake, akaagiza Masele na Luhaga wale sahani moja, kwa kuwa ukwe umekwisha na hakuna tena wa kumwonea mwenzake haya. Wakaketi. Luhaga akamega, akamwekea mzee upande wake. Walikula kidogo sana. Usiku ule Luhaga alilala nje, na asubuhi Masele alipoondoka alikuwa ameshakwenda na mifugo malishoni.

Mzee hakurudi nyumbani moja kwa moja. Aliteremka polepole, akaufuata mfereji tena, akafika Usagara, kwenye barabara kuu, miguu imevimba, akapata lori la mkaa lililokuwa linakwenda mjini. Usiku aliupitisha stendi, na asubuhi akaulizia njia mpaka Ilemela, kwenye chumba kilichojengwa kwa tofali za saruji kati ya mawe makubwa. Kija alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu, mikono yake imekunjamana kwa barafu, ananuka samaki.

"Wamefika?" aliuliza.

"Wamefika wote."

Alikaa kizingitini. Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa kanga. Hakuuliza lingine, na Masele hakumweleza yaliyosemwa juu kwenye uwanda. Labda ataeleza siku nyingine. Kija akachemsha maji, akayatia chumvi, akaweka beseni miguuni pa baba yake na kumvua viatu. Alipokuja na uji akamkuta amelala ameketi, mgongo ukutani, miguu yote miwili ndani ya maji. Akauweka uji chini, akasogeza kigoda, akaketi karibu naye akimngoja aamke.