Asidi Kwenye Tanki la Pili

Siku asidi ilipofurika kwenye tanki la pili, Carlos alikuwa ameketi mbele ya skrini, na hilo ndilo lililomponza. Pampu iliendelea kusukuma, tanki likajaa pomoni, asidi ikamwagika hadi chini ya ngazi alipokuwa Gracien akipaka grisi, ikampata miguuni. Gracien alipelekwa hospitali. Carlos alipelekwa nyumbani asubiri uamuzi, maana wakubwa walikwisha kusema: alisinzia kazini.

Aliyekuwa akitunza mtandao wa mitambo katika kiwanda hicho cha shaba, hapo Likasi, aliitwa Jaël. Mtandao wenyewe ulikuwa wa zamani: waya mmoja mrefu uliopita kutoka kabati hadi kabati, na ndani ya kila kabati automate, yaani kompyuta ndogo ya kupima tanki, kuamuru pampu, na kupeleka habari kwenye skrini za chumba cha usimamizi. Walioufunga walikuwa wamestaafu, na vipuri vyake haviuzwi tena. Jaël aliujua mtandao ule kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake. Lakini kulikuwa na jambo moja la kumfunga mdomo: Carlos alikuwa mume wa dada yake, Mathilde.

"Minye sikulala, belle-sœur," Carlos alimwambia Jaël nyumbani kwake, Mathilde akisonga bukari pembeni. "Nilikuwa naangalia namba ku écran. Ilibakia palepale. Nikawaza tanki iko bado."

"Na alarme?"

"Ingelia namna gani? Nayo inaangalia ile namba moja."

Jaël alimwamini. Ila imani ya shemeji haimrudishi mtu kazini, na alilijua hilo. Kesho yake alimwendea Évariste, mkuu wa idara ya umeme, kumweleza shaka yake juu ya mtandao.

"Chef, nawaza réseau njo iko na matatizo."

Évariste hakuinua macho. "Tulipima, Mama Jaël. Weye mwenyewe ulikuwa pale. Ilikatika?"

"Hapana."

"Basi? Carlos ni beau-frère yako. Ukianza kumutetea, bantu batasema nini?"

Ni kweli walipima baada ya ajali, na ujumbe ulipita kwenye waya bila kukwama. Alitoka ofisini, akashuka hadi kwenye ukumbi wa matanki, uliofungwa tangu ajali. Akasimama katikati. Palikuwa kimya kiasi cha kusikia viatu vyake vikikwaruza sakafu.

Kimya hicho ndicho kilichomgutusha. Kabla ya ajali, humo ndani ilibidi upige kelele ndipo mwenzako akusikie, kwa sababu ya feni kubwa mpya ya kuvuta mvuke wa asidi. Feni hiyo iliendeshwa na variateur, kifaa cha kuongeza na kupunguza mwendo wa mota. Siku walipopima mtandao, feni ilikuwa imezimwa. Kila kitu kilikuwa kimezimwa. Walikuwa wamempima mgonjwa homa ikiwa imekwisha kushuka.

Akapanda ngazi tena.

"Chef, tupime tena, feni ikiwa inatembea. Tutatia mayi tu, hapana asidi. Na minye sitagusa écran. Weye njo utaikala pale."

Évariste alifikiri kidogo. Mkurugenzi alikuwa akimhimiza afungue ukumbi, na jaribio la maji lingehitajika vyovyote vile. Akakubali.

Évariste akaketi mahali pa Carlos. Jaël akasimama juu ya ngazi ya tanki, radio mkononi. Pampu ya kujazia ikaanza kuleta maji, nao wakawa wanasomeana: Jaël akisema robo, Évariste naye anaona robo, Jaël akisema nusu, Évariste anaona nusu. Hapo Jaël akampungia mkono fundi Philippe, naye akawasha feni. Ukumbi mzima ukanguruma. Maji yakaendelea kupanda.

"Chef, huku iko karibu ya kuyaa! Weye unaona nini?"

Radio ikakoroma. Kisha: "Nusu."

"Ingali nusu?"

"Nusu, Jaël. Simamisha!"

"Simamisha weye, ku écran."

"Nimefinya! Nimefinya tena!"

Pampu haikuwa na habari naye. Maji yakafika ukingoni, yakamwagika, yakamlowesha Jaël viatu. Ndipo akabonyeza kitufe chekundu cha ukutani, kinachokata umeme wa pampu moja kwa moja.

Évariste alishuka mwenyewe akayatazama yale maji sakafuni. Alisema tu, "Tutafute."

Mwanzoni walidhani automate mojawapo imeharibika na inawavuruga wenzake. Wakaiacha feni ikinguruma, wakawa wanayatenga makabati moja baada ya jingine, lakini ujumbe uliendelea kupotea. Jaël akabadilisha kadi ya mawasiliano kwa ile moja ya akiba iliyobaki. Hakuna kilichobadilika. Feni ikizimwa, mtandao unapona, ikiwashwa, unaugua.

"Tubadilishe variateur," Évariste alisema.

"Tungoje kwanza. Tuone kebo yake inapita wapi."

Aliifuata kwa mkono. Kebo ya feni ilipaswa kupanda darini, ipite njia yake peke yake. Badala yake iliteremka ukutani ikaingia kwenye mfereji wa zamani, chini ya vibao vya saruji. Philippe akainua kibao kwa mtaimbo. Ile kebo nene ilikuwa imelala juu ya waya mwembamba wa mtandao, vimefungwa pamoja kama kuni. Wavu wa shaba unaoukinga waya huo ulikuwa umeliwa na mvuke wa asidi, ukabaki mabaki ya kijani tu. Kelele ya umeme wa feni, ile isiyosikika kwa sikio, ilikuwa ikiingia humo na kuuvunjavunja ujumbe njiani, na skrini, isipopata namba mpya, iliendelea kuonyesha ile ya mwisho iliyoipata.

Évariste alichuchumaa, akakitazama kile kifungu muda mrefu. Feni ilifungwa na timu yake, kwa amri yake, wakati Jaël yuko kwenye likizo ya uzazi.

"Tulikuwa na haraka," alisema.

Jaël akamwambia Philippe azime feni, akaanza kukifungua kile kifungu.

Kebo ya feni ikapandishwa darini, waya uliooza ukakatwa na kuungwa mwingine. Jaël aliandika upya sehemu ya programu: ujumbe ukikosa kufika, namba inageuka nyekundu na pampu inajizima. Carlos aliitwa kazini. Asubuhi ile Évariste aliwakusanya wafanyakazi, akaanza kusema kwamba mitambo ni mizee. Akasita, akamtazama Jaël, kisha akasema waya wa feni ulipitishwa pabaya na kwamba yeye ndiye aliyeagiza. Alisema haraka haraka, lakini alisema.

Jumapili, walipotoka misa, Carlos, Mathilde na Jaël walikwenda mtaa wa Kikula kwa Gracien, wamebeba samaki wa ziwa Tshangalele. Walimkuta uani, miguu yake imefungwa bandeji, mkewe Gertrude akimpepea nzi.

"Banasema hukulala," Gracien alisema.

"Sikulala."

"Minye nilikutukana, Carlos. Tangu siku ya kwanza ku hôpital."

"Nilisikia."

"Ilinisaidia. Miguu ikiuma, nakutukana, inapoa kidogo. Sasa nitatukana nani?"

Gertrude alishindwa kujizuia, akacheka, na Mathilde, ambaye hakuwa amecheka tangu ajali, akacheka naye hadi akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Carlos hakucheka. Alivuta kiti, akaketi karibu na ile miguu, akauliza daktari amesema nini.

"Kidole kimoja hakitapona muzuri. Vingine vitapona." Gracien akamgeukia Jaël. "Na chef Évariste?"

"Amesema atakuja kesho, yeye mwenyewe."

"Akuje," Gracien alisema. "Minye sina pa kwenda."

Gertrude akachukua wale samaki, akaingia nao jikoni, na Mathilde akamfuata kumsaidia kuwapaa.