Mhina Anamjua

Kanuni ya kumi na moja niliichimbua mimi. Wenzangu wa tawi la chama wakiisimulia leo husema "tuliamua", nami hunyamaza, maana neno hilo linanificha vizuri. Ukweli ni kwamba nilisimama mwenyewe katikati ya gereji ya Korogwe, kijitabu cha kanuni za kazi mkononi, nikasema, nikapigiwa makofi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mashirika yanauzwa moja baada ya jingine. Kampuni yetu ya mabasi na vifurushi ilinunuliwa na Muhsin, mfanyabiashara wa Korogwe, na mwezi haukuisha akatangaza kwamba nusu yetu tutapunguzwa. Chama cha wafanyakazi kikaomba kikao. Akajibu kwamba yeye kanunua mabasi, hakununua chama. Tukatoa notisi ya mgomo ya siku saba, ila moyoni kila mtu aliuogopa mgomo wenyewe, kwa sababu atakayegoma angemrahisishia Muhsin kazi ya kuchagua nani wa kufukuza.

Ndipo nikasema tusigome. Tufanye kazi, lakini kwa kanuni. Nikawasomea ya kumi na moja: mzigo hautatolewa ila kwa mtu mwenye barua ya mwenyekiti wa kijiji chake, yenye majina yake matatu na muhuri. Kanuni hiyo ilikuwepo tangu enzi za shirika na hakuna aliyewahi kuifuata. "Wateja watajazana, watapiga kelele," nilisema, "na kelele zitamwendea tajiri." Simeo, dereva wa basi la Handeni na mwenyekiti wa tawi letu, aliunyanyua mkono wangu juu kama wa bondia. Nilirudi Handeni kichwa kimevimba.

Mimi ndiye nilikuwa karani wa vifurushi pale Handeni. Sasa, watu wa nyikani huko Misima na kwingineko hawakuwa na sanduku la posta. Ndugu zao walioko Dar es Salaam waliandika jina moja tu juu ya mzigo, na chini yake maneno mawili: "Mhina anamjua." Alianza mlinzi mmoja wa Kimasai, wengine wakaiga, ikafika mahali nikipokea mizigo kumi, saba ina maneno hayo. Na kweli niliwajua. Nilijua nani ana mapacha, nani haoni vizuri, nani asipewe mzigo wa kaka yake hata akilia. Nilijisifu kwa hilo mpaka mke wangu akachoka kunisikiliza.

Jumamosi basi likaleta kifurushi kidogo kilichofungwa kwa gazeti na kamba ya katani. "Baba Siamanta, Misima. Mhina anamjua." Aliyetuma ni Kuntai, mlinzi wa ghala huko Dar. Nilikipapasa, nikajua ni kaseti. Siku hizo wasioandika walituma sauti.

Baba Siamanta ndiye Lekishon, kaka yake Kuntai. Mwaka wa mvua nyingi basi letu liliponasa kwenye tope karibu na Misima, nililala siku mbili kwenye boma lake. Mkewe, Nasinkoi, alinipa maziwa asubuhi na jioni, na Lekishon akanifunika shuka lake, yeye akalala hivi hivi. Tangu hapo akaniita mwizi wa shuka.

Jumatatu akaja dirishani, miguu imejaa vumbi.

"Mwizi wa shuka, habari za hapa?"

"Nzuri."

"Mzee yuko hospitali Dar, tumbo limemkamata. Kuntai alisema atatuma neno la mzee. Limefika?"

Simeo alikuwa amesimama pembeni anakunywa chai, ananitazama. Nyuma ya Lekishon palikuwa na foleni.

"Limefika," nikasema. "Lete barua ya mwenyekiti wa kijiji. Majina matatu na muhuri."

Akacheka. Alicheka kwa moyo wote, akagonga ukingo wa dirisha kwa fimbo, akawageukia wenye foleni kuwaonyesha jinsi Mhina alivyo na utani. Aliponigeukia tena akaona mimi sicheki.

"Mhina," akasema taratibu. "Mzee hajanitemea mate."

Nilijua maana yake. Kwao baraka ya baba ni mate. Mtoto wa kwanza huinamisha kichwa, mzee anamtemea, na baada ya hapo anaweza kulishika boma mzee akiondoka. Lekishon na baba yake walikuwa hawajasemezana miaka sita, tangu Lekishon alipouza ng'ombe wa mzee ili Siamanta asome. Mzee aliapa mbele ya watu kwamba mate yake hayatamgusa. Sasa mzee huyo huyo alikuwa ametuma neno, na neno lenyewe lilikuwa kwenye rafu, hatua mbili nyuma ya mgongo wangu.

"Kanuni," nikasema.

Alipoondoka, Yuditha, mkata tiketi wetu, alininong'oneza, "Mpe mtu mzigo wake, Mhina. Wewe unamjua." Nikamjibu kwamba tukimpa mmoja tumekwisha. Hayo yalikuwa maneno ya Simeo, nami niliyatoa kama yangu, kwa sauti ya kutosha kumfikia Simeo alipo.

Siku hiyo hiyo habari zilikuja kutoka Korogwe kwamba vifaranga vya Grasiana, mama mmoja wa Mnyuzi, vimekufa vyote ndani ya boksi stoo. Alikuwa na barua, ila haikuwa na muhuri. Simeo alisema hizo ndizo kelele tunazozitaka. Nilicheka pamoja naye. Nikikumbuka kicheko hicho natamani ardhi inimeze.

Jumanne Lekishon akarudi na barua. Alikuwa ametembea usiku kucha, na ilionekana. Muhuri ulikuwepo, na chini yake mwandiko wa mwenyekiti: Lekishon Lenku.

"Majina mawili," nikasema.

"Lenku ndiye mzee. La tatu ni la babu, na babu tulishamzika." Aliinama karibu na dirisha ili wengine wasisikie. "Sisi hatumtaji aliyezikwa, Mhina. Unajua. Ulikaa kwetu."

Nilijua. Siku ile bomani niliuliza jina la babu yao, kwa ujinga tu, na Nasinkoi akanieleza kwa upole kwamba jina hilo limelala na mwenyewe. Nilijua yote hayo, na Simeo alikuwa pale pale na kikombe chake.

"Kanuni inasema matatu."

Lekishon aliikunja barua mara nne. Hakugombana. Angenitukana ningepata la kushika, ningemjibu, tungemaliza. Alikwenda kukaa chini ya ukuta wa stendi mpaka tulipofunga ofisi, kisha akaondoka.

Jumatano jioni Muhsin alikubali. Wafanyabiashara walikuwa wamejazana dukani kwake, wengine wamehamishia mizigo kwa kampuni nyingine. Hakuna atakayepunguzwa, na tawi litatambuliwa. Korogwe walicheza ngoma. Mimi nilichaguliwa katibu wa tawi bila mpinzani.

Alhamisi asubuhi, Lekishon alipotokea, nilikimbia nje na kifurushi. Nilikimbia, mtu mzima mimi, utadhani haraka ya siku hiyo ingelipa ukaidi wa siku mbili. Hakuwa na redio. Yuditha akaleta yake, akaweka kaseti, tukasimama wote watatu ndani ya ofisi.

Sauti ilikuwa ya mzee, nzito, inakatwa na kikohozi. Ilisema Kimasai, na katika maneno yote yale nilishika moja tu, kwa kuwa lilikuwa la Kiswahili: Jumatano. Akalisema mara mbili. Halafu tukasikia, karibu sana na mashine, pu, pu, pu, pu.

Lekishon alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya redio. Alikaa hivyo hata kaseti ilipoendelea kuzunguka bila kitu.

"Amesema nini?" Yuditha akauliza.

"Atapasuliwa Jumatano. Amesema niwahi kabla, ameshanisamehe, nije niinamishe kichwa." Alijigusa utosini, akavitazama vidole vyake vikavu. "Amesema nikichelewa, anatema humu. Ila hajui kama yanapita."

Basi la Dar lilikuwa linaunguruma nje. Alipanda bila kuniangalia. Baadaye Kuntai alituambia kwamba mzee hakuamka baada ya kupasuliwa, na Lekishon alimkuta ameshafunikwa.

Sikuweza kwenda msibani. Nilijiambia nina kazi nyingi za tawi. Huo ni uongo, niliona aibu, na hata leo naiona. Nimejitetea sana kichwani: watu thelathini walibaki kazini, watoto wao walikula. Ni kweli walikula. Lakini kuchagua ni nani atakayelipia hakukuwa kazi yangu, nami nilimchagua aliyenifunika shuka.

Miezi mitano ikapita. Kanuni ya kumi na moja tulishaisahau, watu wanachukua mizigo kwa jina moja kama zamani. Siku moja kikaja kifurushi kutoka kwa Kuntai. Juu yake paliandikwa majina matatu kwa herufi kubwa, kijiji, kata na wilaya. Chini yake hapakuandikwa kitu.

Lekishon alikuja Ijumaa. Hakuniita mwizi wa shuka. "Karani, habari," akasema, akapitisha barua dirishani. Ilikuwa na muhuri, na majina yote matatu: la kwake, la baba yake, la babu yake.

"Lekishon, chukua tu," nikasema. "Mimi nakujua."

"Soma kwanza," akasema.

Akanigeuzia mgongo ili asinione nikiyasoma majina ya wazee wake waliozikwa, akasubiri nimalize.