Sala Iliyokosa Amina

Mtaani pale kila mtu alimwita Mama Mkubwa, hata wazee waliomzidi umri, kwa sababu ndivyo mtoto wa marehemu mdogo wake alivyokuwa akimwita kutwa nzima kwa sauti ya kupasua masikio. Kazi yake ilikuwa ususi. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa saluni, viti vitatu na benchi la kusubiria, na nywele za bandia zimening'inizwa ukutani kwa misumari. Jumapili alifundisha watoto wadogo kanisani, mwaka wa kumi na nne huo.

Na tuseme ukweli, aliiweza kazi hiyo. Mtoto aliyekuja amenuna aliondoka anacheka. Aliyeogopa giza alifundishwa kumwambia Yesu kabla ya kulala. Waliopigana walishikishwa mikono wakaombeana, hata kama mmoja alikuwa anamfinya mwenzake chini kwa chini. Akina mama walimletea watoto wao kama watu wanavyopeleka redio kwa fundi: huyu ana hasira, huyu ana wivu na mdogo wake, hebu mtazame.

Sasa huyu wa nyumbani kwake ndiye aliyemtoa jasho.

Alikuwa na miaka sita, jina la utani Chiriku, kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Mama yake alifariki wiki sita nyuma, humo humo ndani, chumba cha mwisho, baada ya kuugua miezi mitano. Na Chiriku hakulia. Hakulia siku ile, hakulia alipoambiwa mama amekwenda kwa Yesu. Siku ya maziko aliachwa kwa jirani, maana watu wazima walikubaliana kwamba mtoto asione. Aliporudi aliuliza kuna chakula gani. Alikula, akaoga, akalala.

Ila mazungumzo yake yalikuwa yamekwisha. Badala yake midomo ilikuwa inacheza tu, bila sauti, asubuhi mpaka jioni. Na neno moja hakutaka hata kulisikia: amina. Mama Mkubwa akiombea chakula, akikaribia mwisho tu, mtoto ameshaziba masikio yuko chini ya meza.

"Kaingiliwa huyo," mteja mmoja alisema siku moja, nusu ya kichwa chake bado haijasukwa. "Mpeleke akaombewe."

"Mtoto wangu hajaingiliwa na kitu. Na wewe inamisha kichwa, nisije nikakuacha hivyo hivyo."

Alijibu kwa ukali. Lakini mtoto asiyelia alimtisha. Mwenyewe alikuwa amejikaza kisabuni tangu msiba. Aliwaambia waombolezaji kwamba wenye tumaini hawapigi mayowe, akagawa chai kwa macho makavu, watu wakamsifu kwa imani yake. Lakini yeye ni mtu mzima, anajua anachokifanya. Huyu mdogo akiendelea hivi, kitu kitakatika ndani yake, na nani atakiunga?

Kisha ikaja Jumapili ya watoto. Darasa zima lilipangwa mbele ya kanisa lisome sala, na Chiriku akawekwa mstari wa mbele, pengine sauti za wenzake zingemvuta. Sala ilikwenda vizuri. Wazazi wakatabasamu. Watoto walipovuta pumzi wapige ile amina yao ya kutikisa bati, Chiriku alipiga ukelele.

"Bado! Msiseme! Bado!"

Akamrukia msichana wa pembeni yake, akamziba mdomo kwa viganja viwili. Yule naye hakukubali, akamng'ata. Kanisa zima likaangua kicheko, hata mchungaji akajifuta macho. Mama Mkubwa aliona aibu. Alimshika mtoto mkono akamburuta nje, na pale nyuma ya kanisa, mwalimu wa miaka kumi na minne, akamwambia maneno haya: "Unamwaibisha mama yako huko aliko." Jamani! Mdomo unaweza kumponyoka hata mtakatifu. Chiriku alimtazama tu, jicho kavu, midomo inacheza.

Jumatatu saluni ilifunguliwa mchana, kwa hiyo asubuhi alimketisha kwenye kigoda katikati ya magoti yake, amsuke kabla ya shule, maana darasa lake liliingia mchana. Alijua tangu zamani kwamba mtu anayesukwa husema mambo, kwa sababu hatazamwi usoni. Wanawake wamemwagia siri za ndoa zao pale pale.

"Jana ulisema bado," alianza, kitana kikipasua mstari. "Bado nini?"

Midomo ya Chiriku iliendelea kucheza.

"Sikugombezi. Nauliza tu, mwanangu."

"Ukinisemesha nachanganya."

"Unachanganya nini?"

"Maombi."

Kitana kikasimama. "Maombi gani?"

"Si yale uliyonipa!" Chiriku alisema hivyo kama mtu anayemkumbusha msahaulifu alipoweka funguo. "Uliniambia nipige magoti, nifumbe macho, nimwombe Yesu amponye mama, nisiache mpaka wewe useme amina. Magoti yaliuma, nikainuka. Macho nayo nilifumbua, maana ningeanguka. Lakini kuomba sijaacha. Hujasema."

Mama Mkubwa akakiweka kitana chini.

Siku ile ikamrudia yote. Mdogo wake alikuwa amekata roho saa nzima kabla. Gari limefika, wanaume wawili na machela, na njia ya kutokea ilipita ukumbini alipokuwa mtoto anacheza. Alitafuta namna ya kumwondoa haraka, na mkono wake ulikwenda kwenye kitu alichokizoea kuliko vyote. Alimwingiza stoo, akampigisha magoti kando ya gunia la nywele za bandia, akampa maombi. Wengine wangempa mtoto peremende. Yeye alimpa sala, amwombee uzima mtu aliyekwisha kufa, ili mlango ubaki umefungwa. Kisha akapanda gari na maiti, akaenda, na ile amina akaisahau kabisa. Jirani ndiye aliyemkuta mtoto jioni, amelala kifudifudi juu ya gunia, gauni limelowa mkojo. Hakuthubutu kutoka hata kwenda chooni.

"Lakini nimesema amina nyingi tangu siku ile," Mama Mkubwa alisema. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. "Mezani. Kanisani."

"Hizo ni za chakula. Na za watu wote." Mtoto alijikuna shingo. "Wakisema kwa nguvu naogopa Yesu atadhani ni ya kwangu. Atadhani nimemaliza. Halafu hatamrudisha."

Ewe Mungu! Mwanamke yule alikuwa na mdomo wa kumtoa nyoka pangoni, na majibu ya watoto alikuwa nayo tele: mama ni malaika sasa, mama anakutazama, mama anapumzika. Aliyatafuta yote, hakuona hata moja lenye uso wa kumtazama mtoto huyu. Akamgeuza, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama wima.

"Nilipokupeleka stoo, mama alikuwa amekufa."

Wiki sita hakuwahi kulitamka neno hilo. Ametutoka, amelala, ametangulia, hayo aliyaweza.

"Kabla sijaanza kuomba?"

"Kabla."

"Sasa mbona uliniambia niombe apone?"

"Walikuwa wanamtoa. Sikutaka uone. Nikalitumia jina la Yesu kama komeo la mlango. Nilikosa, mwanangu. Nimekukosea wewe, na Yesu nimemkosea."

"Yeye alijua ameshakufa?"

"Alijua."

"Akawa ananisikiliza tu?"

"Alikuwa anakusikiliza. Nami nadhani alikuwa analia. Naye alifiwa na rafiki yake, akasimama kaburini akalia mbele za watu, mwanamume mzima."

"Mbona hakumponya mama mapema?"

"Sijui."

"Wewe si mwalimu?"

"Ni mwalimu, na hili silijui. Muulize mwenyewe. Hata kama una hasira, muulize kwa hasira. Hakupigi."

Mtoto hakupiga magoti. Aliinua uso akatazama dari, na maombi yake yakatoka kwa sauti kwa mara ya kwanza, sauti yenyewe imekwaruza.

"Yesu, ni mimi. Nilisema tafadhali. Nilisema kila siku, hata chooni. Nilisema hata kwenye hesabu, mwalimu akanichapa kwa sababu sikumsikia. Kumbe ameshakufa. Si ungeniambia tu? Nimekukasirikia sana. Basi." Akamgeukia mama yake mkubwa. "Haya, sema."

Mama Mkubwa alifungua mdomo. Neno alilolisema maelfu ya mara halikutoka. Akajua kwamba yeye pia alikuwa hajamaliza, kwamba humo kifuani alikuwa bado anamngoja mdogo wake aite kutoka chumba cha mwisho kuomba maji.

"Sema, Mama Mkubwa," mtoto alisema polepole. "Nimechoka."

"Amina," alisema.

Midomo ya Chiriku ikatulia. Kisha kilio kikamtoka kwa nguvu ya wiki zote sita. Akampiga mama yake mkubwa kwa ngumi kifuani, akampiga tena, na yule mwanamke hakumzuia wala kumwambia nyamaza. Alilia naye, mayowe kabisa, yale aliyowakataza wenzake msibani. Wateja waliofika mlangoni walisikia wakarudi nyuma.

Ngumi zikachoka. Mtoto akauficha uso shingoni mwake, akawa anasema kitu kimoja kati ya kwikwi na kwikwi, na ilibidi Mama Mkubwa ainamishe sikio ndipo amsikie.

"Nisingesumbua," alikuwa akisema. "Ungeniacha pale ukumbini. Nisingesumbua, Mama Mkubwa. Ningempungia tu mkono."