Matuta Kumi ya Baba

Mvua ilianza Jumatatu ile ile Fundi aliyoazima jembe, na tangu hapo haikumpa hata siku moja ya kupumua. Alisimama kwenye lango la bustani za kukodi, nyuma ya matangi ya maji, buti za mpira za mdogo wake zikimpwaya miguuni, akakitazama kiwanja cha baba yake. Matuta kumi. Angalau aliambiwa ni kumi, maana matuta yenyewe hayakuonekana. Majani yalimfika magotini, mengine yamepanda juu ya pipa la maji, mengine yamejizungusha kwenye kijiti cha nambari mpaka nambari haisomeki.

"Mungu wangu," alisema. "Hapa naanzia wapi?"

Watu wote walimwita Fundi, hata nyumbani, kwa sababu ya cherehani iliyounguruma barazani kwake kuanzia asubuhi. Kushona alikujua. Kulima hakukujua, wala hakuwa na hamu ya kukujua. Bustani ilikuwa mambo ya baba yake, mzee aliyengoja miaka sita kwenye orodha mpaka akapewa kiwanja, na tangu akipate akawa hashikiki nyumbani. Halafu miezi mitatu iliyopita mzee akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Fundi, bintiye, akamchukua akamweka kwake. Kiwanja kikabaki peke yake, na magugu hayana adabu, hayakungoja mwenye shamba apone.

Ndipo barua ikaja kutoka kwa katibu wa bustani. Ukaguzi ni baada ya wiki mbili, Jumamosi saa tatu asubuhi. Kila tuta liwe safi au liwe na kitu kilichopandwa, na asiyetimiza, kiwanja chake kinakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Kama ni yeye, Fundi angeifanya barua ile kipande cha kukatia mtindo wa kola, yakaisha. Lakini mzee alikuwa amegoma kutembea. Dada wa mazoezi ya viungo alimletea fremu ya chuma ya kushikilia, akambembeleza, akamtisha, wapi. Siku moja alimvuta Fundi pembeni, akamwambia bila kuzunguka, "Asiposimama mwezi huu, mguu utakaza. Hatatembea tena." Na mzee, akiambiwa asimame, aligeukia ukutani na kuuliza, "Nisimame niende wapi?"

Barua aliposomewa aligeuka kutoka ukutani.

"Wewe hupendi kulima," alisema. "Mimi silipendi hilo lichuma. Basi tupatane. Kila jioni utaniambia matuta mangapi ni safi, na mimi nitatembea safari hizo hizo, kutoka hapa kitandani mpaka mlango wa mbele na kurudi. Tuta moja, safari moja. Yakifika kumi, nakwenda kukiona kiwanja changu kwa miguu yangu."

Fundi alikubali haraka haraka, kama mtu asiyejua gugu la ndago ni nini.

Jumatano, siku ya kwanza, alilima tuta moja, na mzee akatembea safari moja, anaguna na kutukana kila hatua. Siku ya pili tuta la pili, safari mbili. Fundi alilala mgongo ukimuuma lakini moyo mweupe. Kumbe! Mbona inawezekana?

Siku ya tatu alifika bustanini akadhani amekosea kiwanja. Matuta yake mawili yalikuwa ya kijani tena. Si kijani cha mbali, ni kijani cha kung'aa, kimenawiri, kimekunywa mvua usiku kucha na sasa kinamtazama. Alisimama pale jembe begani, maji yakimchuruzika shingoni mpaka ndani ya nguo, akataka kulia.

Jirani wa kiwanja cha pili, mstaafu mmoja ambaye watu walimwita Kofia kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kichwa chake, alikuja akachungulia.

"Uliyong'oa uliyaweka wapi?"

"Si hapo hapo, katikati ya matuta. Yakauke."

"Yakauke na nini, mwanangu? Na mvua hii?" Kofia aliinama akanyanyua gugu moja. Mizizi mipya myeupe ilikuwa imeshika udongo. "Umeyapanda upya. Na hii ndago umeikata na jembe, sivyo? Ina viazi vidogo chini. Ukivikatakata, kila kimoja kinakuja na ndugu zake. Wakati wa mvua magugu hayalazwi chini. Unachimbua kwa mkono, unatia kwenye ndoo, unayatoa nje kabisa." Akamgonga bega. "Jipe moyo tu. Taratibu utamaliza."

Jipe moyo! Fundi alimwangalia yule mstaafu na matuta yake yaliyonyooka kama pindo la suruali. Moyo wenyewe atautoa wapi? Alikuwa amebanwa na sare za shule ishirini hazijashonwa, ana matope mpaka kwenye nyusi, na kazi ya siku mbili imerudi sifuri. Sifuri kabisa. Alirusha jembe chini, akalitazama linazama, akaliokota tena kwa sababu si lake.

Jioni mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono tayari juu ya fremu. Hakuna aliyemwambia akae. Alikuwa amejiinua mwenyewe.

"Umefika wapi?"

Fundi alifungua mdomo aseme ukweli. Ukweli ulikuwa kwamba hakuna kitu, na baba akisikia hakuna kitu atajilaza tena ageukie ukutani.

"La tatu," alisema.

Mzee akatembea safari tatu.

Baada ya hapo uongo ulikwenda mbio kuliko mikono. Fundi alichimbua kama Kofia alivyomfundisha, amepiga magoti juu ya gunia, vidole vimekufa ganzi, anafuata kila uzi wa ndago mpaka kwenye kiazi chake. Ndoo ikijaa anaipeleka nje ya lango. Ilikuwa kazi ya kinyonga. Alijaribu kila hila ya kujitia nguvu. Alijiambia akimaliza mita moja atakunywa chai, akainywa chai kabla ya mita. Alijaribu kuimba, mvua ikamwingia mdomoni. Siku nyingine alishinda chini ya ukingo wa banda la vifaa, akiingoja mvua ipungue huku akiilaani, na mvua wala haikusikia. Lakini kila jioni aliongeza tuta moja kwa mdomo, kwa sababu kila jioni mzee alikuwa amekaa pale ukingoni anangoja. La nne. La tano. La sita. Tuta la saba alilitunga pale pale bandani, chupa ya chai mkononi.

Alhamisi ya wiki ya pili, mdomoni yalikuwa yametimia manane. Ardhini yalikuwa manne.

Alikuwa amepiga magoti kwenye la tano aliposikia honi ya pikapu. Mdogo wake, dereva wa kusambaza mikate, aliteremka mbio kwenda mlango wa pili, na nyuma ya mlango ule ikatokea kwanza fremu ya chuma, kisha baba.

"Dada, usiniangalie hivyo," mdogo wake alisema kutoka mbali. "Amenipigia simu mwenyewe. Anasema manane yanatosha, hawezi kungoja kumi."

Kutoka langoni mpaka kiwanjani ni hatua kama sitini, na zote ni tope. Mzee alizitembea. Fremu ilizama, akaichomoa. Ilizama tena, akaichomoa tena. Kofia aliacha kazi akasimama kumtazama. Fundi alibaki magotini na ndoo yake, uso unamwaka, akitamani tope limmeze.

Mzee alifika. Alihesabu kwa kidole, bila sauti, midomo tu ikicheza. Akahesabu mara ya pili.

"Manne," alisema.

"Baba, nisamehe. Yaliota tena. Mvua hii, baba, hata wewe—"

"La saba liko wapi?"

Fundi alionyesha. Majani yalikuwa yanafika kiunoni.

"Jumanne hii," mzee alisema, "hiyo safari ya saba niliitembea nalia. Ulikuwa jikoni hukuniona. Nilifika mlangoni nikashindwa kurudi, nikashika kitasa, nikajiambia, binti yangu yuko matopeni kutwa nzima kwa ajili yangu, mimi ni nani nishindwe kurudi kitandani?" Aliutikisa mkono kuelekea yale majani. "Kumbe nilikuwa nalilia hili."

Hakupaza sauti. Fundi angeomba apaze. Aliona haya hadi masikio yakapiga kelele, maana hakuna mtu aliyemzuia kusema kweli siku zile zote.

"Haya, lete ndoo, uigeuze," mzee alisema. "Nitakaa hapo. Na wewe," akamgeukia dereva, "mikate imeshafika inakokwenda. Vua viatu."

Walichimbua Alhamisi ile mpaka giza likawatoa. Ijumaa cherehani haikuguswa. Mzee alikaa juu ya ndoo chini ya mwavuli, akitoa amri kama msimamizi wa mjengo, umeacha kiazi hapo, rudi nyuma, hicho si kiazi ni jiwe, una macho au huna? Fundi alimkasirikia, akaikasirikia mvua, akamkasirikia mdogo wake anayefanya kazi nusu na kulalamika mara mbili. Lakini aliendelea. La tano, la sita. La saba alilifanya peke yake, hakutaka kusaidiwa, na alipolimaliza mzee alilikagua kwa muda mrefu kuliko mengine yote.

Jumamosi saa tatu kasoro, manane yalikuwa meusi na safi. Mawili ya mwisho yalikuwa bado msitu.

Katibu alikuja na daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni, kalamu nyuma ya sikio. Alisalimia vizuri. Alitembea tuta kwa tuta, akiweka alama. Kwenye la tisa akasimama.

"Haya mawili vipi, mzee wangu? Sheria unaijua. Nina watu arobaini kwenye orodha."

Fundi alisogea mbele. Alifungua mdomo kuomba siku mbili, hata moja.

"Hayo ni ya sungura," mzee alisema.

"Sungura?"

"Malisho. Sheria inasema safi au yamepandwa. Nimepanda malisho ya sungura."

Katibu aliyatazama yale magugu. Akamtazama mzee, amesimama wima kwenye tope, fremu mbele yake, macho makavu kabisa. Akamtazama Kofia, ambaye ghafla alikuwa na shughuli nyingi kwenye kabichi zake.

"Hao sungura wako wapi?"

"Nyumbani. Wanakula sana."

Katibu alishusha pumzi, akatoa kalamu sikioni, akaandika: matuta mawili, malisho ya sungura. Akaaga, akahamia kiwanja kingine.

Fundi hakuamini. Alikaa kwenye ndoo ya baba yake, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka mpaka mifupa. "Baba! Nyumbani kwangu kuna sungura?"

Mzee hakucheka. Aliokota gunia la kupigia magoti, taratibu, mkono mmoja kwenye fremu, akamtupia mapajani.

"Mimi nimeyatembea ya kwako manne ya uongo," alisema. "Sasa kapalilie ya kwangu mawili."

Mvua ilikuwa inaanza tena. Fundi aliichukua ndoo.